Farasi Waliobaki Mombasa

Mazda Roadster ya lita 1.5 ikishushwa bandarini Mombasa ina nguvu farasi 131. Ikifika Nakuru zimebaki 105 hivi, na hakuna aliyeiba kitu. Mji huu uko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la pwani. Injini isiyo na turbo huchoma petroli kwa kadiri ya hewa inayoivuta yenyewe. Hewa ikipungua, nguvu zinapungua nayo. Ukipanda kuelekea Timboroa, utaziaga nyingine njiani.

Akitaka kurudisha nguvu hizo, mwenye gari huanza na eksozi na filta. Kelele huongezeka sana, farasi wachache mno. Turbo ndiyo dawa halisi ya mwinuko, kwa sababu huisukumia injini hewa ambayo mlima umeinyima. Lakini ukiifunga utagusa pia klachi, rejeta na programu ya kompyuta ya gari, na giaboksi iliyoundwa kwa kazi nyepesi itaanza kulalamika.

Basi anunue nyingine? Tuseme Roadster RF ya lita 2.0, yenye farasi 184. Nayo mlima utaitoza, ibaki na kama 147. Hata hivyo, ndogo ya kilo 990 kila farasi wake hapa Nakuru anabeba kilo 9.4, RF ya kilo 1,100 ni kilo 7.5. Tofauti hiyo hakuna eksozi itakayoileta. Gharama yake huanzia kwenye ushuru wa bidhaa: injini ya sentimita za ujazo 1,496 hulipa asilimia 20, ikivuka 1,500 ni 25. Tena gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo zile kuukuu za bei nafuu zisahau.

Kwa hiyo, kama ugonjwa ni nguvu, uza ununue. Ila mimi nashuku wengi wanatibu ugonjwa usio wao.

Pasaka ya 1973, kwenye Safari Rally, Datsun walileta magari ya aina zote mbili, la nguvu nyingi na la nguvu kiasi. Dereva Shekhar Mehta alipewa 240Z, gari la michezo la silinda 6 na lita 2.4. Mwenzake Harry Källström akapewa 1800 SSS, saluni ya silinda 4. Walimaliza wakiwa sare kwa alama za adhabu, Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuvunja sare. Lita 2.4 hazikuiacha saluni, kwa kuwa barabara zetu huuliza kwanza kama gari litafika.

Fedha za eksozi ningezipeleka chini ya gari: shokamzoba nzuri, busha mpya, bamba la kukinga sampo, na springi zinazoliinua kidogo tu, maana ukizidisha litaanza kuyumba konani. Rimu za inchi 16 ziache zilivyo. Ukuta mnene wa tairi ndio mto wako kwenye mashimo. Wanaoshusha magari katika mji wenye matuta kama haya sijawahi kuwaelewa.

Naye Mehta baadaye alishinda Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Zote alishinda kwa Datsun za silinda 4.