Istilahi za Kazi na Ujira wa Mhariri wa Kujitegemea

Miongoni mwa kazi za lugha zilizokua bila ya kupewa istilahi zilizo wazi ni uhariri ufanywao na mtu asiyeajiriwa na shirika lolote. Mtu huyo hupokea mswada kutoka kwa mchapishaji, wizara au mwandishi, huushughulikia nyumbani kwake, kisha hudai malipo. Wengi humwita mhariri wa kujitegemea. Jina hilo twaliona linafaa kuliko mhariri huru, ambalo laweza kudhaniwa kuwa lamhusu mhariri wa gazeti asiyeingiliwa na wakubwa. Kasoro haimo katika jina lake, bali katika maneno ya makubaliano yake.

La kwanza ni kitenzi kupitia. Barua nyingi humwomba mhariri "aupitie" mswada. Kupitia huko kwaweza kuwa kusoma na kutoa maoni, kupanga upya sura nzima, kunyosha sentensi, au kusahihisha makosa yaliyosalia baada ya kurasa kupangwa. Kazi hizi nne hazilingani kwa saa wala kwa ujuzi. Mwagizaji hukadiria bei ya kazi ndogo, naye mhariri aufunguapo mswada hukuta kazi kubwa. Hapo hana budi kufanya kazi asiyolipwa, au kurudisha mswada wenye dosari. Hasara ya kwanza ni yake. Ya pili ni ya msomaji. Twapendekeza barua zitaje moja kwa moja: tathmini ya mswada, uhariri wa muundo, uhariri wa lugha, au usomaji wa prufu.

La pili ni kipimo. Baadhi ya waagizaji hulipa kwa hesabu ya maneno, na hutumia kiwango kile kile walichokizoea katika Kiingereza. Huko ni kukosa insafu. Neno hawajatuandikia ni moja tu katika Kiswahili, lakini ndani yake mna ukanushi, mtenda, hali, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Kiingereza huhitaji maneno sita kueleza jambo hilo. Basi anayehariri Kiswahili kwa kiwango hicho hupunjwa na sarufi ya lugha yake mwenyewe. Afadhali kuhesabu kwa saa, au kwa ukurasa ambao idadi ya herufi zake imetajwa katika mkataba.

La tatu ni jina la malipo. Mhariri huahidiwa kifuta jasho, ahsante, au posho. Kifuta jasho na ahsante ni hisani, na mwenye hisani ndiye apangaye kiasi na siku ya kutoa. Posho humhusu zaidi mtumishi aliye safarini au kikaoni. Kilicho stahiki ya mhariri ni ujira, nao hudaiwa. Aidha, fedha itolewayo mbele ili kufunga makubaliano ina jina lake la siku nyingi katika biashara, nalo ni arbuni. Ila mwandishi ajihadhari asiandike rubuni.

La nne ni hati. Ankara hudai malipo. Stakabadhi, au risiti, hukiri kwamba yamekwisha kupokewa. Hata hivyo zipo ofisi zimwambiazo mhariri alete risiti ndipo alipwe. Akitia sahihi hati hiyo kabla ya kupewa fedha, amejifungia mlango wa kudai.

Huenda ikasemwa kwamba watu wa kazi huelewana hata bila ya maneno haya. Ni kweli, mpaka siku watakapohitilafiana; na siku hiyo kitakachosomwa ni barua, si nia. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Nalo daftari lenye maneno yasiyo na mipaka halimlindi mwenye mali. Ingefaa basi istilahi hizi zisanifiwe kwa pamoja, zichapwe katika mfano mmoja wa mkataba, na kufundishwa kwa wafasiri na wahariri wanafunzi pamoja na kanuni za tahajia.