Neno hili ni la nani?

Tunasoma kazi za waseminari juu ya desturi za wazee, nasi twafurahia bidii yao. Lakini kosa moja larudi kila mara: “Padri Tempels asema hivi, ukurasa fulani.” Basi! Kitabu kipi, cha mwaka gani?

Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliandika kwa Kiflama. A. Rubbens akageuza maneno yake kwa Kifaransa, na La philosophie bantoue ikatoka Elisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1945. Mwaka 1949 Présence Africaine wakaipiga chapa tena huko Paris. Anayetaja ukurasa bila mwaka amtuma mgeni njiani bila kumwambia jina la kijiji.

Tena Padri alisikia mambo mengi kwa Waluba wa Katanga, akaandika juu ya Wabantu. Mwenye kumfuata bila kusema hayo awavika watu wote nguo moja. Padri Alexis Kagame, mwaka 1956, alianza na maneno ya Kinyarwanda, lugha moja, ili msomaji aweze kuyapima.

Kwa hiyo twaomba: kila neno na karatasi yake ndogo. Andika mwandishi, kitabu, mji, mwaka, ukurasa. Na kama ni mzee aliyekufundisha, andika jina lake, kijiji chake na siku.

Kuchukua neno la mzee na kulifanya lako ni kuvunja amri ya saba. Kumtilia kinywani asilolisema, ni ya nane.