Kukosa, kukosea na kushindwa: Mbona kompyuta zetu husema 'hitilafu' tu?

MTUMIAJI wa kompyuta au simu iliyowekwa kwa Kiswahili hakawii kukutana na sentensi hii: "Hitilafu imetokea." Mara nyingine huongezewa adabu kidogo, "Samahani, hitilafu imetokea," na mara nyingine hufupishwa kuwa neno moja tu, "Kosa!" Kisarufi haina ila. Tatizo ni la kimaana. Msomaji wake hajaambiwa ni nini kilichotokea, kimesababishwa na nani, wala afanye nini. Ni kama mjumbe aliyetumwa matangani akarudi na kusema, "Kuna jambo," kisha akaketi kunywa chai.

Naikosoa sentensi hiyo kwa sababu, aghalabu, programu iliyo nyuma yake imesema mengi zaidi. Wanaofanya kazi katika lile dirisha jeusi la kuandikia amri, hasa kwenye mifumo ya ukoo wa Unix, ulioanza katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, wanajua kwamba kila programu inapomaliza kazi huacha nambari moja kati ya 0 na 255. Sufuri maana yake mambo yamekwenda sawa. Zilizosalia huashiria kwamba kuna la kuangaliwa. Mgeni hushangaa: shuleni sufuri ni aibu, vipi hapa iwe ushindi? Jibu ni jepesi. Anayefaulu haulizwi kwa nini amefaulu. Kushindwa ndiko kwenye aina nyingi, na kila aina inadai nambari yake. Kwa kawaida 127 ni amri isiyojulikana kabisa. 126 ni amri iliyopatikana ila haikuweza kuendeshwa. 130 ni kazi ambayo mtumiaji mwenyewe aliikatiza kwa kibodi.

Hebu tuitazame programu moja kongwe, grep, ambayo kazi yake ni kutafuta neno ndani ya faili. Ikilipata, huacha 0. Isipolipata, huacha 1. Na iwapo imeshindwa hata kutafuta, labda kwa sababu faili lenyewe halifunguki, huacha 2. Tofauti ya 1 na 2 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayepekua orodha ya wapigakura akaambiwa "jina halimo" amepewa jibu. Anayeambiwa "orodha haikufunguka" hajapewa jibu lolote. Kuwaambia wawili hawa "hitilafu imetokea" ni kuwadanganya wote, kila mmoja kwa namna yake.

Eti Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya? Kinao, tena wa nyumbani. Mtu akisema "nimekosa" huku ameinamisha kichwa mbele ya wazee, anaomba radhi. Akisema "nimekosa" akitoka dukani, unga umekwisha. Tukitaka kuziepusha maana hizo mbili zisigongane, tunaongeza irabu moja: nimekosa kitabu, lakini nimekosea swali la tatu. Kitu chenyewe kisipokuwapo, kinakosekana. Mwingine akisababisha nisipate, amenikosesha. Shina ni moja, na viambishi vyake vinatofautisha asiyepata, aliyefanya vibaya, kisichokuwapo na aliyezuia. Basi grep inapoacha 1, imekosa. Inapoacha 2, imeshindwa. Na ikiwa chanzo cha hiyo 2 ni amri iliyoandikwa vibaya, wewe mtumiaji ndiwe uliyekosea. Haya yote tunayasema kila siku sokoni, kisha tunapoketi kutafsiri programu tunayafunika kwa nomino moja, kwa kuwa Kiingereza nacho kilitumia nomino moja.

Neno hitilafu lenyewe lina kisa chake. Limetoka Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni tofauti, kutoafikiana. Ndiyo maana hadi leo watu wawili wanaweza kuhitilafiana bila yeyote kuwa na kasoro. Sasa kuna programu nyingine, diff, inayolinganisha mafaili mawili. Yakifanana, huacha 0. Yakitofautiana, huacha 1. Ikishindwa kulinganisha, huacha 2. Kwa hiyo 1 ya diff ni hitilafu kwa maana ile ya kale, na 2 ni hitilafu kwa maana ya siku hizi! Mfasiri asiyeangalia atazitia zote mbili kwenye kapu moja, na karani aliyetaka tu kujua iwapo hati mbili zinafanana atadhani kompyuta imeharibika.

Simaanishi kwamba walioanzisha mifumo hii walikuwa malenga wa ujumbe ulio wazi. Wapi! Kihariri cha kale cha Unix, ed, kilipokataa amri kilijibu kwa alama ya kuuliza peke yake, basi. Na kosa nambari 25 katika mfumo huo liliandikwa kwa maneno yenye maana ya "si taipureta", masalia ya enzi ambazo kompyuta ilizungumza na mtu kupitia mashine ya kupiga chapa. Miaka mingi baadaye kuna waliotuma barua pepe ikarudishwa na maelezo hayo hayo, wakabaki kujiuliza taipureta imeingiaje. Uzuri wa mfumo ule ulikuwa katika nambari zaidi ya maneno. Sisi tunaotafsiri tuna nafasi ya kuyafanya maneno yafikie umakini wa nambari, lakini tunashinda tukibishana iwapo tuseme kipanya au puku.

Atauliza mtu, hasara iko wapi? Chukua chama cha akiba na mikopo ambacho kila usiku skripti hutoa rekodi za wanachama kutoka kwenye hifadhidata, huzipitisha kwa bomba hadi kwenye programu ya kuzibana, kisha huandika "Imekamilika." Katika mifumo mingi bomba kama hilo, lisipoelekezwa vingine, huripoti nambari ya programu ya mwisho pekee. Hifadhidata ikikataa kufunguka, programu ya kwanza inaacha nambari ya kushindwa ambayo hakuna anayeitazama. Ya pili inabana utupu, inafanikiwa kuubana vizuri sana, na inaacha 0. Onyo huenda liliandikwa kwenye kioo, ila saa nane za usiku hakuna mtu wa kulisoma. Asubuhi meneja anaona "Imekamilika." Siku diski ikifa, atafungua nakala za akiba na kukuta mafaili matupu ya miezi.

Fundi atasema dawa ni kuiagiza skripti isimame pale sehemu yoyote ya bomba inaposhindwa, na kweli agizo hilo lipo. Lakini hata neno lililoandikwa lilikuwa la uongo. Kuisha si kukamilika. Mechi huisha hata kama timu yako imefungwa sita. Skripti iliyofika mstari wake wa mwisho imeisha, na hilo ndilo tu inaloweza kuapia. Ili iseme "imekamilika" sharti kwanza itazame nambari zilizoachwa na kila programu.

Limebaki suala la wakati, ambalo ndilo hunikera zaidi. Katika orodha ya nambari iliyozoeleka tangu mifumo ya BSD, 75 huashiria kushindwa kwa muda: seva ina shughuli, jaribu baadaye. Ile sauti ya simu inayotuambia mteja "hapatikani kwa sasa" tunaicheka, ila angalau "kwa sasa" imebeba habari hiyo. Sarufi yetu nayo inayo hiyo 75 tayari, ndani ya kiambishi -ja-. "Barua haijafika" ina matumaini. "Barua haikufika" haina. Sasa fungua programu yoyote iliyotafsiriwa uangalie faili lisipokuwapo: huandikwa "halijapatikana", kana kwamba msako unaendelea. Kama halipo, liambiwe halipo. Mtumiaji anakaa akisubiri, anabonyeza tena na tena, faili lenyewe lilifutwa mwaka juzi.