Baba gani aliwaacha Bana Shaba?

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia wa Universite ya Lubumbashi, alitoa mu mwaka 2001 kitabu chenye jina lenye kuuma: «Bana Shaba abandonnés par leur père». Kwa Kiswahili chetu tungesema: Bana Shaba benye kuachwa na baba yao. Kilipigwa chapa Paris, kwa L'Harmattan, na kinaelezea historia ya jamaa ya mufanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 mpaka 1997. Hapa Likasi ni watu wachache wenye kushika kitabu hicho mukononi. Kiko kwa Kifaransa, na bei ya vitabu vya Ulaya tunaijua sote. Lakini jina lake lilitembea peke yake, mudomo kwa mudomo, na hakuna mutu wa Shituru ao wa Panda anayeuliza huyo baba ni nani. Kila mutu anajua: ni Union Minière, kiisha Gécamines.

Nilikisoma tena mwaka huu na penseli mukononi, kwa sababu kitabu chetu hiki kinataka tuandike juu ya desturi za jamaa, na sijaona kitabu kingine kuhusu baba wa Katanga chenye kupita hicho kwa uzito. Ninakisifu, na kuna kitu kimoja ninachokikatalia.

Kwanza sifa. Dibwe hakuandika kwa kufuata makaratasi ya wakubwa wa kampuni tu. Alikwenda kusikiliza wazee, wamama, na watoto waliokomalia mu kambi. Kwa hiyo anaonyesha vizuri namna mamlaka ya nyumba ilivyotoka mukononi mwa mutu mumoja na kuingia mukononi mwa mwingine. Union Minière ilizaliwa mu 1906, na mu miaka ya kwanza ilitaka mikono tu: vijana bila bibi, wanaokuja kwa miezi michache na kurudi kwao, ao kufia huku kwa magonjwa. Kuanzia mwaka 1928 hivi, kampuni ikageuza mupango. Ikaona kama mutu mwenye bibi na watoto anakaa, hakimbii, na watoto wake watakuwa wafanyakazi wa kesho. Ikajenga nyumba, ikaweka hospitali, masomo, foyer social kwa wamama. Ikagawa posho: unga, samaki, maharagi, mafuta, kwa kuhesabia vichwa vya nyumba. Ukizaa, posho inaongezeka. Mutoto akikimbia masomo, posho yake inakatwa, na baba mutu anaulizwa sababu.

Ndiyo maana wazee walisema kama kazi njo baba, kazi njo mama. Mu Kiswahili chetu neno hilo «kazi» ni jina la kampuni yenyewe. Kazi ilinipa nyumba. Kazi ilinizikia mutoto. Wapwani wakisikia vile watashangaa, lakini sisi hatushangai.

Sasa neno ninalokatalia. Kama kazi njo baba, yule mutu aliyerudi jioni kutoka ku usine ya Shituru, viatu vimejaa vumbi, alikuwa nani mu nyumba ile? Kurasa nyingi zinatuacha tumuone sawa yaya mukubwa wa watoto wake, mutu mwenye kulishwa pamoja nao. Kampuni inaamuru, yeye anafikisha amri. Siku kampuni inapoanguka, yeye anaanguka nayo, na bibi na watoto wanachukua nafasi. Huo mufano una nguvu, na kwa upande mumoja ni kweli. Lakini ni mufano, na mufano ukitembea sana mu vinywa vya watu unakuwa hukumu. Leo kijana wa miaka makumi mbili, ambaye hakuona hata posho moja, anakuambia baba yake alikuwa «mutoto wa Gécamines», na anasema vile kwa kucheka.

Tuanze na desturi, kwa sababu ndani yake mambo yanageuka. Mu kambi za Likasi walikutana watu wa namna mbalimbali za kuhesabu ukoo. Muluba anahesabu kwa baba: mutoto ni wa baba, na jina linatoka kwa wakambo wa baba. Mubemba na Mulamba wanahesabu kwa mama: mutoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kusema neno la mwisho juu yake ni mujomba. Baba wa Kibemba mu muji wake anampenda mutoto, anamufundisha kazi, anamubeba ku mabega, lakini siku ya neno kubwa, mujomba njo anayeitwa. Mu kambi, mujomba hakuwa na namba ya nyumba. Kampuni iliandika mutu mumoja: mwanaume mwenye kazi, bibi mumoja, watoto wake. Posho ilitoka kwa jina lake. Mutoto aliingia masomo kwa jina lake.

Angalia basi kilichotokea. Kwa Muluba, kampuni ilimupunguzia baba mamlaka, kwa sababu yeye alizoea kuwa na ukoo mzima nyuma yake, na sasa mukubwa wa kambi anamukaripia mbele ya watoto. Kwa Mubemba ao Mulamba, kampuni ile ile ilimupa baba kitu ambacho desturi yake haikumupa: watoto wa kuitwa wake mbele ya watu wote. Alifurahi? Wengi walifurahi sana, hata kama mujomba alikuja na gari-moshi kila mwaka kuuliza sehemu yake ya mali ya musichana. Basi kusema kampuni «ilichukua nafasi ya baba» ni kusema nusu. Kuna nyumba ambamo ndiyo iliyoweka baba ku kiti, na iliyonyang'anya kiti kile kiisha. Kuachwa kwa mutu wa namna hiyo si sawa na kuachwa kwa Muluba. Dibwe anajua tofauti hizi za ukoo kuliko mimi. Lakini neno moja, «baba», limezifunika.

Kuna jambo lingine dogo, la kila siku, na mimi ninalipenda kuliko mengine. Kazini mutu alikuwa namba. Namba iko ku karte, namba iko ku mulango. Lakini mu lupango hakuna aliyemuita kwa namba, wala kwa jina la ubatizo. Aliitwa Baba Ilunga, Baba Mwape, kwa jina la mutoto wake wa kwanza. Akizaa mapasa, heshima inapanda tena: Kyungu na Kabange kwa Waluba wa Katanga, Mbuyi na Kanku kwa watu wa Kasai, na siku ile wamama wanamuimbia nyimbo za matusi ambazo siku ingine zingeleta vita, naye anacheka na kutoa falanga. Na Muluba aliyempa mwanawe jina la baba yake mwenyewe hawezi kumuita mutoto yule hivi hivi. Anamuita «baba». Mutu wa miaka makumi ine, mikono imekauka kwa asidi ya usine, anainama mbele ya kitoto kinachotambaa na kusema: baba, kuya hapa. Sijui furaha gani ya mwanaume inayopita hiyo. Kampuni haikuigawa na posho, na haikuweza kuikata.

Mutu akitaka kumuona baba huyo wa lupango, wengi watamutuma kwa Mufwankolo. Ni kweli. Kikundi kile cha teatri cha Lubumbashi, ku radio na ku televizyo, kilicheza kwa Kiswahili chetu, bila maandiko ya kukariri, magomvi ya nyumba zetu wenyewe, na Johannes Fabian alikiandikia kitabu mu 1990. Tulicheka mpaka machozi. Lakini teatri ya kuchekesha inataka baba wa namna moja: mwenye kupiga kelele, mwenye kuficha mushahara, mwenye kushindwa na bibi yake mwishoni. Mwanaume anayekaa kimya ku kiti usiku akihesabu kichwani namna ya kulipa masomo ya watoto sita hachekeshi mutu. Hakuna mwenye kumucheza. Kwa hiyo kitabu cha Profesa kilimufanya mutoto wa kampuni, na teatri ikamufanya mutu wa kuchekwa, na huyu wa tatu, aliye wa kweli zaidi, amebaki nje ya yote mbili.

Huzuni zake pia hazikuanza siku ya kufungwa kwa usine. Mu Desemba 1941, wafanyakazi waligoma huku Likasi, wakati ule Jadotville, na kule Lubumbashi, kwa sababu bei za vitu zilipanda wakati wa vita na mushahara ulibaki palepale. Lubumbashi askari walipiga risasi, watu wakakufa. Mutoto mutiifu wa kampuni hasimami namna ile. Wale walikuwa baba za watu, na walisimama kwa sababu ya sufuria.

Kiisha 1992 na 1993. Ninapita haraka, si kwa sababu ni kidogo, ni kwa sababu wengi wetu tuliona. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala ku gare ya Likasi wakingojea treni, na wengi walikufa pale ao njiani. Mu nyumba zilizochanganyika, baba alipanda na mama akabaki, ao mama alimufuata na kuacha ndugu zake wote. Nani aliwaacha watoto wale? Hapa jina la kitabu linagonga mwamba. Baba yule hakuacha mutu. Aliondolewa, na waliomuondoa walikuwa majirani wa lupango, watu waliokula naye bukari.

Kitabu kinaishia 1997. Pigo kubwa kwa baba wa Likasi lilikuja nyuma yake, mu 2003 na 2004, na ule mupango ulioitwa «départs volontaires», kwa feza ya Banki ya Dunia. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini, baada ya miezi mingi sana bila mushahara, kila mumoja na hesabu yake ya mwisho. Kwa kupenda kwao, ndivyo karatasi ilivyosema! Benoît Rubbers, aliyewafuata watu hao na kutoa kitabu chake mu 2013, anawapa sauti vizuri, na anaonyesha kama hawakukaa tu kulilia kampuni; walilima, walichuuza, walijaribu. Ninamushukuru kwa hiyo.

Ila hata yeye anabaki zaidi ku mulango wa jikoni. Ndani ya jikoni kulikuwa hivi. Mama anauza ku soko ya Kikula, feza ya chakula inatoka kwake. Kuku akichinjwa, firigisi bado inawekwa ku sahani ya baba, sawa desturi inavyotaka. Ndani ya nyumba nyingi, mimi nimeona, baba aliyekosa kazi aliisukuma sahani, akampa mutoto wa mwisho. Hakusema neno. Mama naye hakusema. Mutoto mukubwa, aliyeanza kuchimba mawe na kubeba mifuko, aliangalia chini. Mwanahistoria ataandika: mamlaka ya baba imeshuka. Lakini mbona mama aliendelea kumuwekea ile firigisi, miaka na miaka, na feza ni yake? Hapo kuna kitu ambacho neno «mamlaka» halikifikii. Kuna mwanamuke aliyekataa mume wake awe bure mbele ya watoto, na kuna mwanaume aliyejua kama hilo ni deni.

Na furaha hazikufa. Siku ya proklamasio, mwanzo wa mwezi wa saba, angalia wababa wanaosimama nyuma ya uwanja wa masomo, mikono mifukoni, kana kwamba walipita tu. Wakisikia jina la mutoto na asilimia yake, mikono inatoka. Na siku matokeo ya eksama d'Eta yanapotoka, mutoto amemwagiwa poda nyeupe kichwani, anakimbia barabarani na wenzake. Baba naye anamwagiwa, anatembea nayo mpaka jioni bila kujipangusa, anasalimia hata watu asiowajua. Masomo ya primeri ya serikali yamekuwa bila malipo tangu 2019, lakini ile eksama iko mwisho wa segonderi, na segonderi inalipwa. Poda ile mutu ameinunua miaka sita.

Sisi wa Buluo, jina la mahali petu linajulikana mu inchi zaidi kwa gereza kuliko kwa nyumba za watu. Tumezoea kuona mahali pazima panabebwa na jina moja. Labda ndiyo sababu jina la kitabu hicho linanisumbua kuliko linavyowasumbua wengine.

Ninachoomba kwa wanafunzi wa Profesa, na wako wengi na wazuri, ni kitu chepesi. Warudi kwa wazee wale waliobaki, wachache sasa, na wasianze na swali la kampuni. Wawaulize kwa Kiswahili: watu walikuita baba nani? Mutoto yule alipewa jina la nani, na nani aliamua, wewe ao mujomba wake? Siku ya mushahara ulipita wapi kabla ya kufika nyumbani, na ulibeba nini mukononi? Majibu wayaandike kwa Kiswahili vilevile, yapigwe chapa hapa Katanga, kwa bei ya kununulika, ili yule kijana mwenye kucheka ayasome mbele ya baba yake.