Kalamu ya unyoya imo, Phillis hayumo



Juzi hapa Zhongda, Guangzhou, niliazimwa mwongozo wa walimu juu ya maisha ya kila siku katika makoloni ya Waingereza kule Amerika, kabla ya uhuru wa 1776. Wote ni vitendo: watoto wasukesuke maziwa kwenye chupa mpaka siagi itoke, wachovye mishumaa, waandike kwa kalamu ya unyoya. Nikaujaribu na watoto wachache wa Waafrika wenzetu wa hapa. Siagi ikatoka, tukaipaka mkate, raha tupu. Hapo sina ugomvi nao: mtoto aliyesuka maziwa mpaka mkono ukamuuma hahitaji kuhubiriwa kwamba siagi ilikuwa kazi.

Kisha binti mmoja akauliza: "Mwalimu, na watu kama sisi walikuwa wapi?"

Nikapekua mwongozo mzima. Hawamo! Ilhali miaka ya 1770 karibu mtu mmoja kati ya watano katika makoloni yale alikuwa na asili ya Afrika, na wengi wao walikuwa watumwa. Ndio waliolima tumbaku, mpunga na nili. Ndio waliopika na kusuka maziwa kwenye nyumba nyingi za matajiri. Mwongozo umewapa watoto kazi ya watu hao, ukawaficha wenyewe.

Wenyeji wetu Wachina nao hawamo. Chai inatajwa kama mali ya Waingereza, basi. Jamani, makasha 342 yaliyomwagwa baharini Boston tarehe 16 Desemba 1773 yalikuwa ya chai ya Uchina, na tangu 1757 meli za Ulaya zilibanwa kufanya biashara Canton tu, yaani hapa hapa Guangzhou. Wapagazi waliivusha milima mabegani, wenye mashua wakaishusha mitoni, ndipo ikasafiri hadi London na kisha Boston.

Tena meli ya Dartmouth, mojawapo ya zile zilizoleta chai hiyo, ilileta pia nakala za kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, kilichochapishwa London mwaka huo huo. Phillis aliuzwa Boston mwaka 1761, mtoto wa miaka saba hivi kutoka Afrika Magharibi.

Basi Jumamosi iliyofuata tulibeba kasha la mchanga kwa zamu, toka katikati ya chuo hadi ukingoni mwa Mto Zhujiang, kila mmoja akitaja ni mikono ya nani anayoibebea. Mnada wa watumwa hatukuuigiza. Utumwa si mchezo wa darasani. Tulikaa chini, nikawasimulia habari za Phillis. Yule binti akaomba kalamu ya unyoya, akaandika jina lake, na chini yake la Phillis.

Kwa hiyo siusemi mwongozo kwa sababu ya siagi. Nausema kwa sababu umefundisha mikono, ukasahau wenye mikono. Nyie mnaofundisha historia ya kwetu, mnafanyaje?