Mwenyeji Hana Daftari: Kuisoma By the Sea Kizimkazi

Hadithi ya mwanafunzi aliyekwenda kukaa na familia nchi za watu kwa kawaida huandikwa na mgeni. Yeye ndiye mwenye daftari. Ataandika joto, mbu, kuoga kwa kata, na "mama" aliyemfundisha kukuna nazi. Huyo mama anabaki kuwa mama tu, hana historia wala deni dukani. Ndiyo maana naipenda By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001), ingawa tangu apate Nobel mwaka 2021 imezoeleka kusomwa kama riwaya ya ukimbizi basi. Kwangu mie ni riwaya ya wageni na wenyeji.

Mchukue Latif, kijana wa Unguja anayepelekwa Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno. Msingi wake ni wa kweli: baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar iliungana mkono sana na dola ile, na mafleti ya Kikwajuni tunayoyapita kila siku yamejengwa kwa msaada wake. Latif ana rafiki wa kuandikiana barua, msichana aitwaye Elleke. Kufika Dresden, kumbe mwandishi wa zile barua ni mvulana, Jan. Elleke ni mama yake.

Hapo ndipo kitabu kinaponikamata. Mama yule anapewa nafasi ya kusema. Anasimulia walivyoishi Kenya kabla ya vita, wazungu walowezi kwenye ardhi ambayo hakuna aliyewaalika. Kijana wa Kiafrika amekaa, anasikiliza. Mwenyeji ana maisha yake, tena yana aibu zake.

Sasa rudi Unguja. Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain, anakuja na msimu na kukaa nyumbani kwa kina Latif. Mtoto mkubwa wa nyumba, Hassan, anatoweka akimfuata. Mkopo alioutoa Hussein, nyumba ikiwa rehani, mwisho wake unawatoa wenyewe nje. Hiki ndicho kisa kizito kuliko vyote humo, maana hakuna aliyevunja mlango. Hussein alikaribishwa.

Nilikisoma safari hii Kizimkazi Dimbani, kwa shangazi yangu, ambaye kwa miaka amekuwa akipokea wanafunzi wa Kiswahili kutoka Ulaya na Marekani. Wageni wake huandika sana: msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 1107, pomboo, ngalawa. Yeye hajaandika chochote, lakini anakumbuka yupi alilia usiku, yupi haoshi sahani yake, yupi aliahidi kurudi na hadi leo kimya. Mambo hayo hayamo kwenye simulizi yoyote ya safari niliyowahi kuisoma, na nimesoma nyingi, nyingine kwa kulazimika.

Kiingereza hasomi, kwa hiyo nilimsimulia kisa cha Hussein. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, na huyo mama mwenye nyumba anasemaje?"

Swali gumu hilo kwa Gurnah. Habari yote tunaipata kwa Saleh Omar na Latif, wanaume wawili wanaokutana Uingereza baada ya miaka mingi na kulinganisha kumbukumbu zao. Asha, mama yake Latif, anasemwa tu, na mara nyingi kwa mabaya. Mama wa Dresden kapewa kiti na kauli, mama wa Unguja kanyimwa. Mtu ataniambia kitabu chenyewe kinahusu wanaume wasioweza kuaminiana kwa maneno yao, na ukimya wa Asha ni sehemu ya shitaka dhidi yao. Yawezekana. Lakini Elleke naye yumo ndani ya masimulizi ya Latif huyo huyo, na bado tunaisikia sauti yake.

Nilirudia kurasa za Latif kumtafuta Asha. Yumo, ila kila ninapomkuta namwona kwa macho ya mtoto aliyemkasirikia.