Ulimi wa Mtu Mzima: Uhakiki wa Mafundisho ya Matamshi katika Mwambao wa Rumonge

Katika mikutano yetu sisi walimu wa Kiswahili, yapo maneno mawili yanayorudiwa mno kila yanapozungumzwa matamshi ya wanafunzi watu wazima. La kwanza ni methali: samaki mkunje angali mbichi. La pili ni faraja: "Madhali anaeleweka, mwacheni." La kwanza humkatia mwanafunzi tamaa, la pili humwacha papo hapo alipo. Makala haya yanakusudia kuyahakiki yote mawili, kwani naamini yamewanyima wanafunzi wetu wa ngazi ya juu haki yao ya kufundishwa.

Yafaa msomaji ajue ninasema nikiwa nani. Lugha yangu ya mama ni Kirundi. Kiswahili nilikipata sokoni na ufukweni kabla ya kukipata chuoni, kisha nikapewa stashahada ya ualimu na kuanza kuwafundisha wengine. Mwaka 2010 nilikuwa katika shule moja karibu na Rumonge. Wakati huo familia nyingi zilizokimbia mauaji ya mwaka 1972 zilikuwa zimerejea kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, huko Tanzania, na watoto wao walikuwa wamesomeshwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Asubuhi moja niliwaambia wanafunzi, "Chukueni karamu zenu." Mtoto mmoja akauliza kwa adabu, "Mwalimu, karamu ya nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini sikujua tunacheka nini. Mtoto aliporudia maneno yote mawili, kalamu na karamu, mimi nilisikia neno moja tu.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo hili. Kosa langu halikuwa katika ulimi, bali katika sikio. Kirundi hakitumii l na r kutenganisha maana kama Kiswahili kitumiavyo. R ndiyo iliyotawala, na l husikika zaidi katika maneno ya kuazima. Mtoto wa Kirundi hujifunza mapema kupuuza tofauti ambayo lugha yake haiihitaji. Akikua, sikio lake huendelea kuipuuza hata katika lugha nyingine, nao ulimi hufuata sikio. Mwalimu akimkemea, hugeuka upande wa pili na kuharibu hata yale yaliyokuwa sawa: habari huwa habali, barabara huwa balabala. Huyo si mvivu. Amejua kuwa kuna kosa, ila hajui liko wapi.

Zipo alama nyingine za Kirundi katika Kiswahili chetu. B ya Kirundi aghalabu hutamkwa bila midomo kufungana sawasawa, hata baba akasikika kama mtu aliyepoteza konsonanti zake njiani. Iko pia kanuni ambayo wataalamu huiita sheria ya Dahl: Kirundi husema gusoma na gutaha, lakini kugenda na kurima, kwa kuwa k hubadilika kuwa g ikifuatwa na konsonanti kavu. Ndiyo sababu hata mtu aliyebobea, akichoka, hujikuta amesema "gusoma" katikati ya Kiswahili safi. Kadhalika sauti dh, th na gh hugeuzwa z, s na g. Thamani ikawa samani, na dhamiri ikawa zamiri. Mwisho, Kirundi huongozwa na toni na urefu wa irabu, ilhali Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache. Asiyeushika mkazo hawezi kutofautisha barabara ipitayo magari na barabara yenye maana ya sawasawa.

Sasa tutazame tunavyofundisha. Chombo chetu kikuu ni imla. Lakini mwanafunzi wa ngazi ya juu huandika kalamu kwa l kwa sababu amekwisha kuliona neno hilo mara elfu, si kwa sababu ameisikia l. Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi, nao wepesi huo ni neema na mtego pia: jicho hulifichia sikio aibu yake. Mwanafunzi hupata alama zote katika imla, akatoka darasani na karamu yake mkononi. Chombo chetu cha pili ni kukariri: mwalimu hutamka, darasa hurudia. Ikiwa mwalimu mwenyewe hasikii tofauti, darasa hurudia nini? Chombo cha tatu, ambacho hatukitaji katika maandalio ya somo, ni kicheko. Namkumbuka mwalimu mwenzangu, msomaji hodari wa vitabu, aliyesahihishwa mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hakusimama tena kusema mkutanini. Kiswahili kilipoteza msemaji ili kuokoa konsonanti moja.

Wale wa methali ya samaki wana hoja yao. Mwaka 1967 Eric Lenneberg aliandika kwamba uwezo wa kuipata lugha kwa njia ya asili hupungua baada ya kubalehe, na ni kweli kwamba wachache mno waanzao ukubwani hufikia lafudhi ya wenyeji. Lakini kupungua si kukoma. Wajapani wana shida ileile ya r na l wajifunzapo Kiingereza. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni walionyesha kwamba watu wazima wa Kijapani waliozoezwa kusikiliza sauti hizo kutoka vinywani mwa wasemaji mbalimbali waliboreka. Mwaka 1993 ikaonekana kuwa waliozoezwa kwa sauti ya mtu mmoja tu hawakuweza kuutumia ujuzi huo kwa msemaji mgeni. Mwaka 1997 Bradlow na wenzake wakaongeza jambo la ajabu: waliozoezwa kusikiliza peke yake, pasipo kufundishwa kutamka, walitamka vizuri zaidi kuliko awali. Ukilifungua sikio, ulimi huanza kufuata.

Kwa hiyo methali yetu imetumiwa mahali pasipo pake. Dagaa aliyeanikwa kwenye mchanga wa Rumonge hakunjiki tena, huo ni ukweli. Lakini mwanadamu hakaushwi juani, na sikio lake ni hai mpaka siku ya mwisho.

Na wale wa faraja? Wao pia hawakukosa yote. Mwaka 1995 Munro na Derwing walionyesha kwamba lafudhi nzito na kutoeleweka ni mambo mawili. Mtu aweza kuwa na lafudhi nzito akaeleweka neno kwa neno. Hilo ni muhimu sana kwetu, kwani linatufundisha kuchagua. Anayesema zambi badala ya dhambi ataeleweka kutoka Nyanza-Lac hadi Uvira. Lakini mshenga atakayesema wazee wamekubaliana juu ya mahali, naye akikusudia mahari, ameleta matata ukweni. Basi tuanze na yale yanayopotosha maana, ndipo tuje kwa yale yanayopambanua tu asili ya msemaji.

Tusidhani shida hii ni ya mwambao wetu pekee. Wako Wakongo wasemao Kiswahili waliohamia Denmark, nao hukutana na lugha ambayo neno hun, "yeye" kwa mwanamke, na hund, "mbwa", hutenganishwa na mkatizo mdogo wa sauti kooni, kwa kuwa ile d haitamkwi. Mgeni aweza kuijua sarufi yote ya Kidenmark, akaandika barua bila dosari, kisha akamwita mke wa jirani mbwa. Huko wala tahajia haimsaidii. Dawa yake ndiyo yetu: asikie kwanza, asikie kwa wengi, kisha ajaribu bila kuchekwa.

Swali gumu lingalipo: tumwelekeze mwanafunzi kwenye lafudhi ya nani? Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia vitabu na tahajia. Vitabu vilisanifiwa kuliko vinywa. Mwambao huu ulipata Kiswahili kwa misafara ya Ujiji katika karne ya 19, na kwa wavuvi na wachuuzi wa ng'ambo ya Kongo. Kiswahili cha Buyenzi na cha Rumonge kina wazee wake. Isitoshe, hapa kwetu lafudhi haikuwa jambo la darasani tu. Aliyerudi kutoka Tanzania alijulikana kwa lafudhi yake kuwa si wa hapa. Naye Mrundi aliyevuka kwenda Kigoma alijulikana kwa lafudhi yake kuwa si wa kule. Mwalimu anayefundisha matamshi kana kwamba anasafisha uchafu huongeza chumvi katika kidonda hicho. Tumfundishe mwanafunzi njia ya pili, bila kumfungia ile ya kwanza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila somo la matamshi lianze na kusikiliza: mwalimu aseme kula au kura, na mwanafunzi aonyeshe kwa kidole ni lipi, asitamke kitu. Pili, sauti ziwe nyingi: mvuvi, muuza mawese, msomaji wa taarifa ya habari redioni, mtoto aliyelelewa Mishamo. Tatu, masahihisho yawe ya faragha, na yahusu jambo moja kwa wakati mmoja.

Mimi mwenyewe niliomba msaada kwa yule mtoto aliyeniuliza karamu ni ya nani. Kila siku baada ya masomo alinitamkia maneno kumi, nami nikanyoosha kidole. Wiki za kwanza nilibahatisha tu. Kisha siku moja nikaisikia l, wazi kabisa, kama mtu aliyezibuliwa maji sikioni baada ya kuoga ziwani. Hata leo nikighadhibika r hunirudia, wala sioni haya. Lakini sijaagiza tena karamu darasani, na mwalimu wangu wa matamshi alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na mitatu.